Boti Kwenye Mto Potomac

Unapopita Georgetown, Mto Potomac huonekana mpole. Kilomita chache juu yake, kwenye bwawa la Little Falls, maji huruka ukuta mfupi kisha hujiviringisha kurudi nyuma, yakimshika aliyeangukia hapo asitoke. Ukitazamwa kutoka upande wa juu, ukuta huo hauonekani vizuri, na hapo ndipo hatari ilipo.

Sheria ya Marekani hudai kila aliyemo botini awe na jaketi okozi linalomtosha. Lililofungiwa chini ya kiti halisaidii kitu, maana maji baridi hayatoi nafasi ya kulitafuta. Dakika ya kwanza mtu hutweta bila kujizuia. Baada ya dakika kama kumi vidole havifungi tena kifundo. Tarehe 13 Januari 1982, ndege ya Air Florida ilipoanguka mtoni humo, abiria mmoja alishindwa kuishikilia kamba ya helikopta, hadi mpita njia, Lenny Skutnik, alipojitosa kumwokoa.

Boti ikipinduka, abiria wabaki wameishikilia: hata iliyojaa maji mara nyingi huelea, na waokoaji huiona upesi kuliko kichwa cha mwogeleaji. Wito wa dharura hupigwa kwa redio ya VHF, chaneli 16, kwa kutamka “Mayday” mara tatu, kisha jina la boti, mahali ilipo na idadi ya watu. Asiye na redio hupiga 911 na kutaja daraja lililo karibu.