Simu ya Mzee na Kidole cha Kijana

Hapa Karatu, na hata kule juu Ngorongoro, simu imekuwa mfuko wa fedha. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola hulipwa kwa simu. Mfugaji akiuza mbuzi mnadani hupeleka ada ya mwanawe kwa simu. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na mlango wake ni huu: nyota, 150, nyota, 00, kisha alama ya reli. Wa Airtel Money hupiga *150*60#, na wa HaloPesa *150*88#.

Lakini twaona jambo lisilopendeza. Mzee akikwama, kijana humnyang'anya simu, akabonyeza upesi upesi, akamwuliza namba ya siri mbele ya watu. Fedha zimekwenda, lakini mzee hakujifunza lolote, na siri yake imetoka. Huo si msaada. Namba ya siri ni ufunguo wa sanduku, na ufunguo hukaa kwa mwenye sanduku.

Vyuoni twamjua mtoto asomaye sura nzima kwa kusikia tu. Mwonyeshe herufi moja peke yake, hasemi kitu. Ndivyo alivyo mzee aliyefundishwa "bonyeza moja, kisha moja tena." Siku orodha ikibadilishwa mpangilio, amepotea. Basi afundishwe kuisoma orodha, si kukariri tarakimu.

Yafaa tufanye hivi. Kwanza, simu ibaki mkononi mwa mwenyewe. Pili, amri ya kuanzia iandikwe kwa herufi kubwa daftarini. Namba ya siri isiandikwe kamwe. Tatu, kila orodha isomwe yote kwa sauti, na asiyejua Kiswahili vyema afasiriwe kwa Kiiraqw au Kimaasai. Nne, namba ya mpokeaji isomwe mara mbili, na jina lake lihakikiwe kabla ya kukubali. Orodha ikitoweka kwa kuchelewa, asihangaike: ambaye hajatia namba ya siri hajatuma kitu, na aanze upya. Tano, ujumbe wa mtu asiyemjua usemao "ile pesa itume kwa namba hii" ni mtego. Asiutii, bali aupeleke namba 15040.

Enyi vijana, leo jioni kaeni na babu au bibi, mwanze na kutazama salio, maana hapo hakuna fedha itumwayo kwa mtu. Naye afikapo penye namba ya siri, geuzeni nyuso zenu.