Dawa ya Shaba na Vijidudu vya Mizizi ya Maharage

Mkulima wa kahawa, huenda maharage uliyopanda kati ya mibuni yako ya zamani yamedumaa na majani yake ni ya manjano. Usiharakishe kulaumu mbegu. Yafaa kwanza utazame mizizi.

Katika mizizi ya maharage mna vinundu vidogo, na ndani yake hukaa vijidudu viitwavyo bakteria. Vijidudu hivi huchukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea.

Dawa ya shaba, kama mrututu, huzuia chule buni na kutu ya majani. Lakini shaba haiozi. Kila mwaka hudondoka chini na kujilimbikiza katika udongo wa juu, palepale penye mizizi ya maharage.

Shaba kidogo yahitajiwa na mimea. Ikizidi ni sumu. Ndani ya kijidudu huchochea sumu zitokanazo na oksijeni. Mojawapo ni peroksidi ya haidrojeni, ile dawa ya kuoshea vidonda itoayo povu. Kijidudu hujikinga kwa kimeng'enya kiitwacho katalesi, ambacho huivunja sumu hiyo ikawa maji na oksijeni. Shaba ikiongezeka, kijidudu huongeza vimeng'enya vyake. Ikizidi mno, huvishika vimeng'enya vyenyewe, navyo hushindwa kazi.

Huko Woburn, Uingereza, masimbi ya maji machafu yenye zinki, kadimi na shaba yalitiwa shambani toka mwaka 1942 hadi 1961. Zaidi ya miaka 20 baadaye, klova, jamaa ya maharage, iliota vinundu visivyofanya kazi.

Jipimie mwenyewe. Maharage yanapotoa maua, chimbua mche kwa jembe, usiuvute. Pasua vinundu. Vikiwa vyekundu ndani, vinafanya kazi. Vikiwa vyeupe, au havipo, mwite Bwana Shamba udongo upimwe, maana hata uchachu huleta hali hiyo.

Fanya hivi:

1. Nyunyiza kwa wakati wake na kwa kipimo kilichoandikwa, usizidishe.
2. Pogoa mibuni ili hewa ipite, maradhi yatapungua.
3. Usioshe bomba penye maharage wala mtoni.
4. Tia samadi na mboji, ambazo huishika shaba. Udongo ukiwa mchachu, tia chokaa.
5. Ukipanda upya, chagua mibuni istahimiliyo maradhi, kama Ruiru 11 iliyotolewa Kenya mwaka 1985.

Shaba iliyokwisha kuingia udongoni huwezi kuitoa kwa jembe. Ile ambayo haijaingia waweza kuizuia.