Ukuta wa Lucca: adui hakuja, maji yakakuja

Huko Lucca, Italia, wazazi wanatembeza batoto wao juu ya ukuta wa zamani, kwa miguu ao na kinga. Kuzunguka mji wote ni kilometa 4 na kidogo. Juu ya nini inawezekana? Ukuta ni mpana: inje matofali, ndani udongo mwingi.

Ulijengwa katika karne ya 16 na ya 17 juu ya kuzuia mizinga ya maadui. Hakuna jeshi lililoushambulia. Lakini mwezi wa 11, 1812, mto Serchio ulifurika. Watu wakafunga milango, ukuta ukazuia maji. Kisha, katika karne ya 19, ukakuwa fasi ya kutembea.

Kwetu, mbele ya kubomoa jengo la zamani, nani anauliza linaweza kutumika nini tena?