Matundu Matatu Hayatoshi

Nchini Marekani watu wengi hujitengenezea risasi nyumbani. Huokota maganda ya shaba yaliyokwisha kufyatuliwa, huyasafisha na kuyakandamiza kwenye kalibu ili yarudi katika umbo lake, kisha hupachika fataki mpya kitakoni, humimina baruti iliyopimwa kwa mizani na kukaza kichwa cha risasi kwenye shingo ya ganda. Wengine wanabana matumizi. Wengi lakini wanatafuta usahihi, kwa kuwa kila mtutu unaaminika kuwa na chakula chake: aina fulani ya baruti, kwa uzito fulani, na kichwa cha risasi kilichozamishwa kwa kina fulani. Kazi ni kukipata chakula hicho.

Malalamiko yao yanafanana mno. Jumamosi mtu anafyatua risasi tatu kwa umbali wa mita 100, na matundu yote matatu yanafichika chini ya sarafu. Anaandika kipimo cha baruti daftarini kwa furaha. Jumamosi inayofuata, kwa baruti ileile, kipimo kilekile na bunduki ileile, matundu yanatawanyika upana wa kiganja. Hapo ndipo msako unapoanza. Anabadilisha fataki, ananunua mizani ya bei mbaya, anazamisha kichwa cha risasi kidogo zaidi, anauza darubini.

Maoni yangu ni kwamba katika visa vingi vya namna hii hakuna kilichoharibika. Bunduki ya Jumamosi ya pili ni ileile ya Jumamosi ya kwanza, na mtawanyiko wake wa kweli haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni bahati, na matundu matatu hayana uwezo wa kutofautisha bahati na ubora.

Hesabu yake ilipangwa zamani. Mwaka 1964 Frank Grubbs, mtaalamu wa takwimu katika maabara ya balistiki ya jeshi la Marekani huko Aberdeen, Maryland, alichapisha kijitabu cha vipimo vya usahihi kwa ajili ya walenga shabaha na wahandisi wa makombora. Tuchukue bunduki ambayo makundi yake ya risasi tatu, yakipigwa mengi sana, yana upana wa wastani wa milimita 25. Upana huo hupimwa kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Kwa hesabu za aina ya Grubbs, kundi mojamoja litapishana na wastani huo kwa milimita 9 hivi kwenda juu au chini, na theluthi moja ya makundi itapishana nao zaidi ya hapo. Kundi la milimita 13 si muujiza wala la milimita 40 si msiba. Yote mawili ni tabia ya kawaida ya bunduki ileile.

Sasa fikiria anachofanya mjaza risasi anapotafuta kipimo bora. Anaandaa vipimo kumi vya baruti vinavyopandana kidogo kidogo, na kila kimoja anakipigia risasi tatu. Tuseme kwa kweli vipimo hivyo havitofautiani kabisa kwa usahihi. Karatasi yake itaonyesha nini? Kundi bora kati ya kumi litakuwa na milimita 12 hivi, na baya kuliko yote litafika 40. Mtu yeyote mwenye macho ataona kwamba kipimo cha nne ni dhahabu na cha saba ni takataka. Atarudi nyumbani, atengeneze risasi mia moja za kipimo cha nne, na wiki ijayo zitampa milimita 25 kama ambavyo zingempa tangu mwanzo. Atasema risasi zimekataa. Ni sawa na kuonja punje tatu za wali na kuhukumu sufuria zima.

Kuongeza idadi ya risasi katika kundi kunasaidia, ila kunauma. Kundi la risasi kumi huwa pana kuliko la tatu kwa karibu mara 1.6, kwa sababu tu nafasi za risasi kwenda pembeni zimeongezeka. Bunduki ya “dakika moja ya pembe”, yaani ya milimita 29 kwa mita 100, ghafla inakuwa ya dakika moja na nusu na ushei, na wenye nayo hawapendi kusikia habari hiyo. Hata risasi 30 zinaacha shaka ya asilimia 9 hivi katika kukadiria mtawanyiko. Ukilinganisha vipimo viwili vya baruti kwa risasi 30 kila kimoja, tofauti ya asilimia kumi kati yao bado inaweza kuwa bahati tupu.

Hata rekodi za dunia zisomwe kwa jicho hilo. Mwaka 1973 Mac McMillan alipiga risasi tano kwa yadi 100, sawa na mita 91, na vitovu vya matundu yake vikaachana kwa inchi 0.009, chini ya robo milimita. Rekodi hiyo ilidumu miaka 40 hadi Mike Stinnett alipoishusha kuwa inchi 0.0077 mwaka 2013. Ufundi wao hauna ubishi. Lakini kundi la rekodi ni moja lililochomoza kati ya makundi mengi mno yaliyopigwa na watu wengi katika mashindano mengi. Haliwezi kutuambia bunduki hiyo ingepiga nini kesho yake.

Basi je, hakuna kosa la kweli? Lipo, tena si haba. Tofauti ni kwamba kosa la kweli huonekana katika makundi mengi mfululizo, na mara nyingi huwa na sura yake. Skrubu za kushikilia darubini zikilegea, shabaha huhama kwa kuruka, kundi moja hapa na jingine pale. Skrubu zinazofunga mtutu na mashine yake kwenye mbao zikiwa na mkazo usio sawa, matundu hupenda kugawanyika mafungu mawili. Mtutu ukigusa mbao mahali pamoja, kundi hutambaa kadiri chuma kinavyopata joto. Upepo wa pembeni wa mita 4 au 5 kwa sekunde, ambao mtu hata haujali, husogeza risasi ya kawaida ya uwindaji kwa sentimita mbili hivi kwenye mita 100. Kisha kuna bega, shavu na kidole cha mlenga shabaha mwenyewe. Ningeanza na bisibisi kabla ya kugusa mizani. Hakuna anayependa kuambiwa hivyo baada ya kutumia fedha nyingi kwenye mizani.

Ndani ya mtutu mambo hutokea kwa kasi ya kutisha. Tangu fataki iwake hadi risasi itoke mdomoni hupita zaidi kidogo ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Shinikizo la gesi katika risasi kama .308 Winchester linaweza kufika takriban mara 4,000 ya lile la hewa tunayovuta, na ndiyo maana kipimo cha juu kilichochapishwa katika vitabu vya watengenezaji wa baruti hakivukwi kwa kutafuta usahihi. Fataki iliyopondeka na komeo lililokaza ni dalili za kusimama palepale. Mifereji iliyojipinda ndani ya mtutu, ikizunguka mara moja kila milimita 254, huizungusha risasi inayokwenda mita 800 kwa sekunde zaidi ya mara 3,000 kwa kila sekunde. Kwa mzunguko huo, kichwa cha risasi ambacho kitovu chake cha uzito kimekosea mstari wa katikati kwa sehemu tano tu za elfu za milimita hutupwa pembeni kinapotoka mdomoni, na kwenye mita 100 kinakuwa kimekosa kwa milimita 12. Mizani ya baruti haiwezi kuliona kosa hilo.

Aliyelishika jambo hili kwa mikono yake ni daktari wa tiba, Franklin Mann wa Massachusetts. Kwa miaka mingi alitumia fedha na wakati wake kuuliza swali moja: kwa nini risasi mbili zinazofanana haziingii tundu moja? Alimwondoa mtu katika jaribio, akalaza mitutu mizito kwenye kishikizo chenye umbo la V juu ya nguzo nzito ya zege, kisha akapanga karatasi njiani ili kila risasi iache alama za safari yake. Halafu akaanza kuziharibu risasi kwa makusudi. Aligundua kwamba ncha iliyochubuka hudhuru kidogo, ila kitako kilichokatwa upande hupoteza shabaha vibaya, tena kwa mwelekeo unaoweza kutabiriwa ukijua upande uliokatwa ulikuwa wapi risasi ilipouacha mdomo wa mtutu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1909. Inapendeza kwamba miongo kadhaa baadaye mtabibu mwingine, Louis Palmisano, mpasuaji wa mishipa ya damu, akishirikiana na Ferris Pindell, aliunda risasi ya PPC iliyokuja kutawala mashindano ya usahihi ya masafa mafupi. Sijui udaktari una nini na matundu madogo.

Sababu za mtawanyiko, kama hazitegemeani, hazijumlishwi moja kwa moja. Zinajumlishwa kwa miraba. Sababu moja ikitawanya kwa milimita 10 na nyingine kwa milimita 3, pamoja zinatoa milimita 10.4, si 13. Ukiiondoa kabisa ile ndogo, umeokoa chini ya nusu milimita, na hakuna karatasi ya shabaha itakayokuonyesha. Kasi ya risasi ni mfano mzuri. Wajaza risasi huitesa roho kwa kasi inayopanda na kushuka kwa asilimia moja. Kwa mita 100 risasi huanguka sentimita nane hivi tangu iache mdomo, na asilimia moja ya kasi hubadilisha anguko hilo kwa chini ya milimita mbili. Kwenye mita 1,000 asilimia ileile inahamisha tundu kwa zaidi ya sentimita 20, na hapo mizani nzuri inajilipa. Swali la kwanza basi ni umbali, na wengi hawalijibu kabla ya kununua kifaa.

Kisa kinachosimuliwa sana na wapenzi wa usahihi kinatoka Houston, Texas, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikundi cha walenga shabaha kilijipatia ghala kubwa la kupigia risasi usiku, bila upepo wala miale ya jua. Virgil King, mmoja wao, alirusha makundi madogo ajabu humo ndani, na inaelezwa kwamba hakuwa akipima kila kipimo cha baruti kwa mizani, alikimimina kwa kifaa cha ujazo. Kisa ni ushahidi mdogo, lakini kinaelekea upande uleule: ukiuondoa upepo na kuwa na mtutu mzuri na vichwa vizuri, mengi ya mezani hayaonekani.

Tatizo la mwisho ni la chuma. Kila risasi hupitisha kooni mwa mtutu gesi yenye joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi, na koo hilo huliwa. Mtutu wa .308 unaweza kuvumilia risasi elfu kadhaa. Mitutu myembamba ya kasi kubwa ya milimita 6 huanza kupoteza usahihi baada ya elfu moja au mbili. Mtu anayetaka kupima vipimo kumi kwa risasi 30 kila kimoja ametumia risasi 300, na kwa mtutu wa namna hiyo, hizo ni sehemu kubwa ya maisha yake. Ndiyo maana wazoefu wengi huchukua kipimo cha katikati kutoka kitabuni, hubadilisha kichwa cha risasi kwanza kabla ya kitu kingine chochote, na badala ya kutupa karatasi za wiki zilizopita huzilaza moja juu ya nyingine, nukta ya kulengea juu ya nukta, wakasoma matundu yote kama kundi moja.