Cheti cha Kuanzia Kazi ya Hesabu: Tunajifunza Nini kwa Majirani?



Askari anapovua sare kwa mara ya mwisho huwa amebaki na vitu viwili: kiinua mgongo chake, na nguvu za mwili ambazo bado hazijaisha. Wengi wa vyeo vya chini huondoka jeshini au polisi katika umri ambao mwenzao wa ofisi za kiraia bado anangojea kupandishwa cheo. Ndiyo maana swali la kisomo husikika mara kwa mara katika makambi na vituo, na jibu linalotajwa sana ni kazi ya kutunza vitabu vya hesabu. Jibu hilo lina msingi. Hakuna shule, duka la jumla, kiwanda cha kukoboa nafaka wala chama cha akiba na mikopo kinachoweza kwenda bila mtu wa kuandika kilichoingia na kilichotoka.

Ugumu uko katika kuchagua cheti. Askari aliyepangiwa Namanga, Sirari, Mutukula au Rusumo huyasikia majina ya vyeti vya nchi jirani kila siku, na huambiwa kwamba hiki ni rahisi, kile kinaheshimiwa, na kingine kinatambulika Afrika Mashariki nzima. Leo tunapenda kutazama jinsi majirani zetu walivyoipanga ngazi ya kazi hii, ili anayetaka kuipanda ajue ni kipago kipi anachokikanyaga.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Askari aliyetumikia bohari hujiona kuwa tayari ni mtunza hesabu, na kwa kweli yuko mbele ya wengi. Amezoea kuandika kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Amezoea kutotoa kitu bila hati iliyotiwa sahihi. Amezoea kukaguliwa bila taarifa. Tabia hizo hazipatikani darasani kwa wepesi. Lakini kadi ya bohari husimulia upande mmoja tu wa jambo. Jozi arobaini za buti zikitoka, kadi hupungua arobaini, basi. Katika vitabu vya hesabu kila jambo huandikwa mara mbili. Chama cha akiba na mikopo kikimkopesha mwanachama shilingi 500,000, fedha taslimu ya chama hupungua kwa kiasi hicho, na papo hapo deni ambalo chama kinamdai mwanachama huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Mwanachama akirejesha shilingi 60,000, ambazo kati yake 50,000 ni za mkopo na 10,000 ni riba, fedha taslimu huongezeka kwa 60,000, deni hupungua kwa 50,000, na zile 10,000 huandikwa kuwa mapato. Pande mbili zisipolingana, pana kosa. Zikilingana, bado huenda pana kosa lililojificha, kwa mfano malipo ya mwanachama mmoja kuandikwa katika leja ya mwingine. Anayeweza kulitafuta kosa la namna hiyo na kulipata kabla mkaguzi hajafika, huyo ndiye mtunza vitabu. Cheti chochote kisichomfikisha mtu hapo ni karatasi tu.

Sasa tuvuke mpaka. Zamani karani wa Nairobi, sawa na mwenzake wa Dar es Salaam au Kampala, alifanya mitihani iliyotungwa Uingereza, akajifunza sheria za makampuni ya nchi ambayo hakutarajia kufanya kazi ndani yake. Kenya iliunda bodi yake ya mitihani ya wahasibu na makatibu, ijulikanayo kwa jina la KASNEB, mwaka 1969. Tanzania ilitunga sheria ya kuanzisha Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, mwaka 1972. Uganda, iliyopita katika miaka mirefu ya misukosuko, ilianzisha taasisi yake ya wahasibu, ICPAU, mwaka 1992. Rwanda ilifuata mwaka 2008. Kwa hiyo nchi zote nne zina chombo kilichoundwa kwa sheria, na jambo hilo si dogo: cheti kina uzito wa yule aliyekitoa.

Katika nchi hizo ngazi inafanana kwa umbo. Juu yupo mhasibu kamili, mwenye sifa ya CPA. Chini yake yupo fundi wa hesabu, na hapo ndipo mtunza vitabu anapoanzia. Kenya humwita fundi huyo mwenye Diploma ya Ufundi wa Uhasibu, yaani ATD, nayo hudai wastani usiopungua C- katika mtihani wa kumaliza sekondari; anayetaka kuanza CPA moja kwa moja hudaiwa C+. Tofauti hiyo kati ya alama mbili ndiyo iliyowaokoa Wakenya wengi ambao hawakung'ara shuleni. Aliyepata C- hakufungiwa mlango. Hupita ATD, akaimaliza, kisha akaruhusiwa kuingia CPA kama wengine. Uganda nayo ina diploma ya jina hilo hilo chini ya CPA yake, na anayeimaliza hupata njia ya kuendelea juu, ilhali anayetoka kidato cha sita kwenda CPA moja kwa moja lazima awe na masomo mawili ya ufaulu wa daraja kuu.

Hapa nyumbani kipago hicho ni mitihani ya mafundi wa hesabu ya NBAA, iitwayo ATEC, yenye hatua ya kwanza na ya pili. Hatua ya kwanza imewekwa kwa ajili ya aliyemaliza kidato cha nne kwa ufaulu unaotakiwa na Bodi. Ipo pia njia ya vyuo, kama vile Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Chuo cha Elimu ya Biashara, Taasisi ya Uhasibu Tanzania na Chuo cha Uhasibu Arusha, ambako mtu huanza na cheti cha awali, kwa kawaida cha mwaka mmoja, akapanda hadi diploma na shahada. Njia ya chuo ina mwalimu na ratiba, lakini humtaka mwanafunzi awepo. Njia ya mitihani ya bodi humruhusu mtu kusoma jioni, na mitihani hutolewa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kwa askari anayeweza kuhamishwa au kupelekwa operesheni kwa amri ya siku moja, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya ada. Kwa maoni yetu, aliye bado kazini na aanze na mitihani ya bodi, kwa idhini ya mkuu wake. Aliyekwisha staafu na mwenye nafasi afikirie chuo.

Turudi kwa yale madai kwamba cheti fulani kinatambulika Afrika Mashariki nzima. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ilianza kutumika Julai 2010, na mwaka 2011 vyama vya wahasibu vya nchi tano zilizokuwa wanachama wakati huo vilitia sahihi makubaliano ya kutambuana. Wauzaji wa kozi huyataja sana makubaliano hayo. Wasichokisema ni kwamba makubaliano yale yanamhusu mhasibu kamili aliyeandikishwa na chama cha nchi yake. Fundi wa hesabu anayevuka mpaka na diploma yake hana ahadi kama hiyo. Hutegemea uamuzi wa mwajiri atakayemkuta huko.

Tena kazi ya mtunza vitabu imefungamana na kodi ya mahali anapofanyia kazi. Kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani nchini Kenya ni asilimia 16, Uganda ni 18, na Tanzania Bara ni 18. Tanzania wafanyabiashara hutoa risiti za mashine za EFD. Uganda wana mfumo wao uitwao EFRIS. Kenya wana eTIMS. Mtu aliyesomea taratibu za upande mmoja akaajiriwa upande wa pili atajikuta anaanza upya katika lile hasa ambalo mwajiri mdogo humlipia, kwani mwenye duka haogopi mizania, anaogopa faini. Polisi wa Sirari anayekusudia kurudi Tarime kuhudumia vyama na maduka ya huko hana sababu ya kulipa ada Kisii kwa ajili ya diploma ya Kenya, hata ikiwa nzuri namna gani. Lakini mwenye nia ya kuifikia CPA, na kuwa huru kufanya kazi popote katika Jumuiya, na apande ngazi ya nchi yake hadi juu. Kule juu ndiko mipaka inakofunguka.

Kuna na vile vyeti vya wiki mbili au mwezi mmoja vya kutumia programu za kompyuta kama QuickBooks au Tally. Vina manufaa, na waajiri huvipenda. Hata hivyo programu haijui kwamba umeandika mkopo kuwa mapato. Itakubali, itajumlisha, na itakupa mizania safi yenye uongo ndani. Chukua mafunzo hayo baada ya kujua kuandika leja kwa mkono.

Kiinua mgongo hulipwa mara moja. Kwa sababu hiyo, kabla ya kumkabidhi mtu ada, uliza bodi yenyewe au chombo kinachosajili vyuo kama kozi hiyo inatambuliwa, na cheti chake kinakuingiza hatua gani ya mbele. Asiyeweza kulijibu swali la pili kwa maandishi, mwache. Toa cheti chako cha kidato cha nne sandukuni ukahakikishe kwamba jina linafanana na la kitambulisho, maana kurekebisha jina huchukua muda na usajili haumngoji mtu. Ujue pia kwamba mitihani ya NBAA, KASNEB na ICPAU hufanywa kwa Kiingereza, na wengi waliokwama hawakukwama kwa hesabu, wamekwama kwa kutolielewa swali. Na kama katika kikosi chako kuna kantini au chama cha akiba, omba kushika kitabu cha fedha taslimu kwa miezi mitatu, ukilinganisha kila mwisho wa siku fedha iliyomo kasikini na ile iliyo kitabuni. Ukikuta pungufu la shilingi mia mbili na ukashindwa kulala mpaka ulipate, nenda kajiandikishe.