Gaia Online: Vile Mtaa wa Katuni Zenye Luku Kali Uliua Doh Yake

Kama umewahi kutoa chapaa ya ukweli ununulie katuni yako ya Roblox jaketi, tulia hapa kidogo. Kuna wasee walianza hii maneno kitambo, na vile iliwaendea ni stori inafaa uijue.

Saiti inaitwa Gaia Online. Ilianza Februari 2003 huko California, Marekani, na mmoja wa walioianzisha ni jamaa anaitwa Derek Liu, yeye na mabeste wake wa kupenda anime. Ukijiunga unapewa avata, kakatuni kadogo ka macho makubwa. Unakachagulia nywele na rangi ya macho, halafu kanaanza maisha na vinguo vya mgeni. Kila mtu akikacheki anajua, huyu amekuja jana.

Basi kazi inakuwa ni kukatoa ushamba. Unapita maduka ya miji yao, Barton, Durem, Aekea, unatafuta buti, mabawa, kofia, mkia wa paka, chochote roho inapenda. Pesa ya humo ndani ilikuwa inaitwa Gold, na utamu wote ulikuwa hapo, kwa sababu si lazima uinunue. Uliipata ukipiga stori na wenzako, ama ukicheza gemu ya kuvua samaki. Kidogo kidogo. Mtoto wa shule asiye na kadi ya benki angeweza kuvaa kama mdosi, bora awe na subira.

Sasa, sava hazijilipii. Wenye saiti wakaanza kuomba mchango: tuma dola 2.50, upate bahasha yenye kitu spesheli cha mwezi huo. Mwezi ukiisha, hicho kitu hakiuzwi tena na duka. Kinabaki mikononi mwa wanachama, na wanachama wako na soko lao la kuuziana. Hapo ndipo bei zilipanda. Angelic Halo, kile kiduara cha mwanga juu ya kichwa, ilikuwa kama kutembea mtaani na njumu ambazo kiwanda kiliacha kutengeneza. Watu waliweka akiba miezi, wengine miaka, juu ya kiduara. Hata kulikuwa na saiti nyingine ya shabiki, Tektek, ya kuvalisha avata yako vitu huna uwezo navyo. Ni kama kujaribisha suti za town na mfukoni uko na nauli tu.

Cheki vile hiyo mashine ilikuwa inafanya kazi. Mwenye dola ananunua bahasha, anamuuzia mwenye muda. Mwenye muda anatoa Gold aliyovua wiki nzima. Hakuna Gold mpya imezaliwa hapo, imehama tu mfuko. Tajiri alimhitaji mvuvi.

Halafu mwaka wa 2013, chini ya usimamizi mwingine, saiti ikaanza kuuza vitu vya kutapika Gold. Unalipa dola, unafungua, Gold inamwagika kutoka hewani.

Mimi chuo niliachia njiani, na somo la uchumi nilikuwa nalala nyuma ya darasa, lakini hesabu hii hata mimi naielewa. Chukua wasee kumi, kila mmoja na Gold 1,000, na Halo ni moja. Bei yake haiwezi pita 1,000. Sasa mmoja anunue milioni moja kwa dola zake. Muuzaji ataitisha ngapi? Na wewe unayevua samaki bado unalipwa ile ya jana.

Ndicho kilichotokea. Vitu vya maelfu vikawa vya mamilioni, vya mamilioni vikawa vya mabilioni. Aliyekuwa ameweka akiba yake kwa nguo alipona, nguo zilipanda na bei. Aliyeweka kwa Gold, yule mwenye subira, aliamka akiba ya miaka hainunui hata soksi. Mgeni ndiye aliumia zaidi: nguo zake za jana zikageuka za milele, labda alipe dola. Na wengi hawakulipa. Walienda.

Mimi hapo sioni ajali. Anayeuza pesa yenyewe anakula mara moja, na kila anayeishika analipia pole pole bila kuulizwa.

Baadaye Derek Liu alirudi kushika usukani na kusafisha nyumba. Wakaleta pesa mpya, Platinum, moja kwa kila Gold 10,000,000. Sifuri zilikatwa na bei zikaanza kusomeka tena. Lakini kukata sifuri hakurudishi kitu. Kama ulikuwa umevua Gold milioni tano kwa jasho tangu uko shule, hazikutosha hata Platinum moja.

Saiti bado iko hewani, na wako wazee wa huko bado wanabadilisha luku za avata zao miaka ishirini na kitu baadaye. Wenye Halo za kitambo hawaziuzi ovyo.

Haya, wewe ungeshika nguo ama ungeshika pesa?