"Timu ya Njozi" au "Timu ya Kujiundia"?

Mfasiri wa habari za michezo ya Marekani hana budi kukutana na mashabiki ambao, mbali na kushangilia klabu zao, huunda timu zao wenyewe katika karatasi. Mwaka 1962 Wilfred Winkenbach, mmoja wa wenye hisa katika klabu ya Oakland Raiders, alibuni pamoja na wenziwe mchezo huo kwa kandanda ya Kimarekani. Mwaka 1980 Daniel Okrent na rafiki zake wakaanzisha wa besiboli, wakaupa jina la mkahawa mmoja wa New York. Shabiki huteua wachezaji wa klabu mbalimbali, naye hupata pointi kwa wayatendayo uwanjani.

Kwa hiyo istilahi "timu ya njozi" haituridhishi. Njozi huonwa usingizini. Wachezaji hawa wako macho, tena hutoka jasho. Kilichobuniwa ni umiliki tu. Twapendekeza "timu ya kujiundia", na "uteuzi wa zamu" kwa tendo la kuchagua kwa kupokezana.

Neno "kamari" lisitumiwe ovyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2006 juu ya kamari ya intaneti iliutenga mchezo huu, kwa masharti. Mfasiri akiyachanganya mawili hayo, atakuwa ameharamisha kwa kalamu yake kile ambacho watunga sheria hawakukiharamisha.